Kinyemi cha Lugha Changa

Wahenga wamesema kipya kinyemi ingawa kidonda, na katika fani ya kuandika programu za kompyuta, ambayo kwa muda mrefu imekuwa ndiyo riziki yangu hapa Dar es Salaam, nimeiona kauli hiyo ikithibitishwa na kukanushwa kwa wakati mmoja na katika chumba kimoja. Kila baada ya miaka michache huzuka lugha mpya ya kuiamrisha mashine, na kabla haijatengeneza kitu ambacho mtu wa kawaida angeweza kukiona kwa macho, watu wa fani huwa wamekwisha kugawanyika makundi mawili: wale wanaoipokea kwa vigelegele kana kwamba ndiyo dawa ya maradhi yote yaliyotutesa, na wale wanaoikunjia uso kana kwamba kuzaliwa kwake ni tusi kwa lugha walizozizoea. Nilipokuwa mwanafunzi niliisikia Java ikisifiwa kwa kuwa programu iliyoandikwa mara moja ingeweza kwenda katika mashine za kila namna, na ikidharauliwa na wengine kwa uzito wa mwendo wake. Baadaye nikaiona Go, iliyotangazwa na Google mwezi wa Novemba 2009, ikichekwa kwa miaka zaidi ya kumi kwa sababu haikuwa na njia ya kuandika kanuni moja ikafaa kwa aina nyingi za data; na ilipoipata njia hiyo, mwezi wa Machi 2022, programu za Docker na Kubernetes zilikuwa zimekwisha kuandikwa kwayo, na wengi katika hao waliokuwa wakiicheka walikuwa wakizitumia kila siku ya kazi.

Lakini lugha iliyonifunza zaidi mintarafu ya jambo hili ni Rust, kwa kuwa hiyo sikuitazama kwa mbali: tuliipokea ofisini, tukaitumia, na tumekaa nayo tangu siku za kusifiwa kwake hata siku za kunung'unikiwa.

Asili yake ina hekaya ambayo kila mpenzi wake huisimulia. Mwaka 2006 Graydon Hoare, mwandishi wa programu wa Mozilla aliyekuwa na umri wa miaka 29, alirudi nyumbani kwake Vancouver, Kanada, akaikuta lifti ya jengo lao haifanyi kazi kwa kuwa programu yake ilikuwa imeanguka, naye makao yake yalikuwa ghorofa ya 21. Akazipanda ngazi huku ameudhika kwamba watu wa kompyuta, pamoja na elimu yao yote, wameshindwa hata kutengeneza lifti isiyoanguka. Sisi tunaokaa katika majengo ya Upanga na Kariakoo, ambako lifti hufa kwa kukosa umeme kabla haijapata nafasi ya kufa kwa kosa la programu, tuliisikia hekaya hiyo kwa tabasamu, ijapokuwa ngazi ni ngazi, na mwenye kuzipanda huko na mwenye kuzipanda huku hufika wote na pumzi ile ile.

Kazi aliyoianza kwa saa zake mwenyewe ilianza kufadhiliwa na Mozilla mwaka 2009, ikatangazwa mwaka uliofuata, na toleo la 1.0, ambalo watengenezaji wake waliahidi kutozivunja tena programu za watumiaji, likatoka tarehe 15 Mei 2015. Katika miaka hiyo ya katikati lugha ilibadilika mno. Hapo mwanzo ilikuwa na chombo chake cha kuzoa kumbukumbu zilizoachwa, na chombo hicho kikaondolewa; Hoare mwenyewe aliuacha uongozi mwaka 2013; na hata baada ya toleo la kwanza, mkaguzi wake mkali, anayeipima programu kabla haijaendeshwa, alilegezwa mwaka 2018, akaanza kuzikubali programu salama ambazo zamani alizikataa kwa ukaidi mtupu. Nayataja haya kwa sababu nimekutana na watu, tena wenye ujuzi, walioijaribu kwa jioni moja mwaka 2012, wakachukizwa, na hukumu yao wakaichukua mfukoni miaka minane bila ya kuitazama tena, ilhali kile walichokihukumu kilikuwa hakipo tena duniani. Rai juu ya lugha changa huchakaa upesi kuliko lugha yenyewe, na mwenyewe aghalabu huwa wa mwisho kutambua.

Ugonjwa ambao lugha hii ilikuja kuutibu ulikuwa ugonjwa wa kweli. C na C++, ambazo ndizo zilizoijenga misingi ya mifumo mikubwa ya kompyuta, humwachia mwandishi mwenyewe kazi ya kuomba sehemu ya kumbukumbu ya mashine na kuirudisha akiisha kuitumia. Akisahau kuirudisha, kumbukumbu hujaa; akiirudisha kisha akaigusa tena, au akisoma kupita mpaka wake, programu huanguka, au, jambo lililo ovu zaidi, huendelea na kazi yake kwa utulivu huku ikimfungulia mwizi mlango. Mwaka 2014 kosa la namna hiyo, lililopewa jina la Heartbleed, lilionekana ndani ya OpenSSL, maktaba iliyokuwa ikilinda siri za sehemu kubwa ya intaneti. Na mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya mapungufu ya usalama inayoyarekebisha kila mwaka chanzo chake ni matumizi mabaya ya kumbukumbu. Rust ilileta kanuni ya umiliki: kila kitu ndani ya programu kina mwenyewe mmoja, na mwenyewe akiondoka, kitu chake hufutwa papo hapo; wengine wanaweza kukiazima, lakini kwa sharti, kama daftari la madeni la dukani ambalo watu wengi waweza kulisoma kwa pamoja, ila anapotaka mmoja kuandika ndani yake, wengine wote hawana budi kuondoa mikono. Kompaila, yaani chombo kinachoigeuza kazi ya mwandishi kuwa lugha ya mashine, hulikagua sharti hili kabla programu haijaendeshwa hata mara moja, na asiyelitimiza hupewa orodha ya makosa badala ya programu.

Ofisi yetu ilikuwa ikipokea taarifa za malipo ya simu na kuzipeleka benki, na za benki kuzirudisha kwenye simu, kwa programu ya C++ tuliyoirithi kwa watu waliokwisha kuondoka. Katika siku za kawaida programu hiyo ilikuwa na adabu. Mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia na kila mtu anapotaka kutuma fedha kwao kwa saa ile ile, ilikuwa ikianguka, na aliyekuwa zamu aliamshwa usiku kuiwasha upya. Tulijua kwamba kosa lilikuwa katika sehemu inayochambua taarifa zinazoingia. Mahali pake hasa hatukupajua, maana mchana, tulipolitafuta kwa makini, lilikuwa halitokei.

Hapo ndipo mabishano ya dunia yalipoingia chumbani mwetu. Alikuwapo kijana aliyetoka chuo kikuu karibuni, mwepesi wa akili na wa ulimi, na alikuwapo mzee aliyeanza kazi katika shirika la umma zama za COBOL, ambaye sote tulimwamkia kila asubuhi na kumwogopa kidogo.

"Mzee wangu," kijana alimwambia siku moja, "kwa Rust kosa hili lisingeandikika hata kwa kukusudia."

"Wewe umeandika nini kwayo, mwanangu?"

"Bado, mzee, lakini nimesoma sana."

"Basi tu sawasawa. Na mimi bado sijaandika, lakini nimeishi sana."

Mzee alikuwa na hoja. Alitukumbusha Ada, lugha iliyotengenezwa kwa agizo la Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kuidhinishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo nayo ilihubiriwa kwamba itayakomesha makosa, na ambayo kweli ilipata makao katika ndege na treni, ila ulimwengu uliobaki uliendelea na C kana kwamba hakuna lililotokea. Kijana naye alikuwa na tarakimu. Stack Overflow huwauliza wanaprogramu wa dunia kila mwaka juu ya lugha zao, na tangu mwaka 2016 Rust ilikuwa ikishika nafasi ya kwanza kwa kupendwa, mwaka hata mwaka. Katika majibu ya mwaka 2020 wapenzi wake walikuwa asilimia 86. Alizichapa tarakimu hizo akazibandika ukutani juu ya mtungi wa maji, mahali ambapo mzee asingeweza kuzikwepa.

Nilizitazama kila nilipokwenda kunywa maji, na kadiri nilivyozitazama ndivyo nilivyoona kwamba hazisemi alichokuwa akizisemesha kijana. Swali lililoulizwa lilikuwa hili: katika hao wanaoitumia lugha fulani, ni wangapi wangependa kuendelea nayo? Na waliosema kwamba wanaitumia Rust mwaka huo walikuwa kama asilimia 5 tu ya walioulizwa. Hao asilimia 5 ni akina nani? Aghalabu ni watu walioichagua wenyewe, wakajifunza usiku kwa gharama yao, bila ya mkuu wa kazi kuwalazimisha; aliyeshindwa kati yao aliiacha njiani, naye hakuhesabiwa. Katika orodha hiyo hiyo, lugha iliyoongoza kwa kuchukiwa ilikuwa VBA, ambayo mtu hukutana nayo kwa sababu mhasibu mmoja ameacha kazi na kuacha nyuma yake majedwali ya Excel yasiyoeleweka, na mtu huyo akaambiwa, chukua, haya sasa ni yako. Sina nia ya kuitetea VBA. Lakini insafu yataka tukiri kwamba mapenzi ya aliyechagua na chuki ya aliyepangiwa vimewekwa hapo katika mizani moja, na sehemu ya hiyo asilimia 86 haikuwa sifa ya lugha. Ilikuwa ni furaha ya watu walio huru.

Hata hivyo mwisho wa mwezi ulikuwa ukija bila ya kungoja falsafa. Tulipewa ruhusa ya kuiandika upya sehemu ile ya kuchambua taarifa, hiyo peke yake, na kuiunganisha na programu iliyobaki. Kazi ilikuwa nzito. Kompaila ilitukatalia asubuhi na jioni, na kijana, ambaye alikuwa ameahidi muda mfupi, akawa mpole. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba mzee aliyapenda makosa. Alivuta kiti chake akawa anayasoma moja moja, kwa kuwa kompaila ile haitaji mstari wenye kosa tu, bali hueleza kitu kilimilikiwa na nani, kiliazimwa wapi, na kwa nini hakipo tena pale mtu anapokitaka. Siku moja ilikataa kifungu tulichokihamisha kutoka katika programu ya zamani neno kwa neno, ikidai kwamba tumeshika anwani ya taarifa ambayo nafasi yake imekwisha kupewa taarifa nyingine. Mzee alisoma, akanyamaza, akafungua ile programu ya C++, akaweka kidole chake kwenye kioo. "Basi hapo ndipo," alisema. Taarifa zilipokuwa chache, nafasi ile ilikawia kutumiwa tena na hakuna aliyedhurika. Zilipofurika mwisho wa mwezi, iliandikwa juu yake kabla msomaji hajamaliza kusoma. Tangu siku hiyo hakuisifu lugha ile hadharani, wala sikumsikia akiibeza.

Kulikuwa na dhiki nyingine ambayo hakuna aliyetuhadithia. Watu wa Ulaya na Marekani wanaolalamika kwamba kompaila ya Rust ni ya polepole hulalamika kwa kupotewa na dakika. Kwetu ucheleweshaji huo ulikuwa na bei. Kompyuta zetu zilikuwa za zamani, zilivuma kama zinataka kuruka, na umeme ukikatika katikati ya kazi, betri zisizo na nguvu zilituacha gizani na programu nusu. Cargo, chombo kinachokwenda kuzileta maktaba za watu wengine kutoka mbali, kilikuwa kikila bando la ofisi bila ya huruma, na folda ya kazi ilivimba ikafika gigabaiti kadhaa. Mtu akiifuta ili apate nafasi, kazi ilianza upya. Hatimaye tuliziweka nakala za maktaba zote katika mashine moja ya ofisini, jambo ambalo Cargo yenyewe inalo amri yake, na shida ikapungua. Katika sifa zote na tuhuma zote nilizokuwa nimezisoma, jambo hili halikuwamo, maana sifa za lugha hizi hutungwa na watu ambao umeme kwao haukatiki.

Katika mwaka huo huo wa 2020 niliona namna jina jema linavyoweza kuwa mzigo. Kijana wetu alikuwa amekusudia kutumia Actix, maktaba ya huduma za wavuti iliyokuwa ikiongoza katika mashindano ya mwendo na kutajwa kila mahali kuwa fahari ya Rust. Mwezi wa Januari watu walizidi kumshambulia mwandishi wake, aliyekuwa akiitoa kazi hiyo bure, kwa kuwa alikuwa ametumia mno ule mlango ambao lugha imeuacha wazi kwa dharura, unaomruhusu mtu kuzivuka kanuni za usalama kwa dhamana yake mwenyewe. Hoja ya kiufundi ilikuwapo. Lakini lugha iliyotumika, hiyo ya binadamu, ilikuwa kali kupita kiasi cha kosa, hata mtu yule akaiondoa kazi yake hadharani na kujitenga nayo, na baada ya siku chache ikakabidhiwa kwa mwingine. Wapenzi wa lugha iliyosifiwa kwa usalama walikuwa wakiilinda sifa hiyo dhidi ya mtu wao wenyewe. Wengine katika kundi hilo walikuwa wakizunguka kwa waandishi wa programu za C, watu wanaojitolea kwa miaka mingi, wakiwahimiza waziandike upya kazi zao zote kwa Rust, mpaka himizo hilo likageuka mzaha katika fani nzima. Nimewajua watu watatu au wanne waliokataa hata kuitazama lugha hii, na nilipowauliza sababu, hawakutaja umiliki wala uazimaji, walitaja mahubiri.

Kisha ukaja mwezi wa Agosti, Mozilla ikawaachisha kazi watu wapatao 250, baadhi yao wakiwa miongoni mwa waliokuwa wakiijenga Rust, na wale waliokuwa wameikunjia uso wakaitangazia mauti. Mzee aliligusa lile karatasi la ukutani akasema tu, "Mapenzi hayalipi mishahara, mwanangu." Lakini tarehe 8 Februari 2021 ikatangazwa taasisi ya kuisimamia lugha hiyo, waasisi wake wakiwa Amazon Web Services, Google, Huawei, Microsoft na Mozilla, na watabiri wa mauti wakahamia katika tuhuma nyingine, kwamba sasa imekuwa mali ya matajiri. Kwa maoni yangu hapo ndipo utoto wake ulipoanza kwisha. Mwezi wa Desemba 2022 ilitoka ndani ya kiini cha Linux, katika toleo la 6.1, ambamo C ilikuwa imetawala kwa miaka zaidi ya thelathini. Mwezi wa Februari 2024 ofisi ya usalama wa mtandao ya Ikulu ya Marekani ikatoa ripoti ya kuwahimiza watengenezaji wa programu wahamie katika lugha zinazolinda kumbukumbu. Na mwezi wa Agosti mwaka huo huo mmoja wa viongozi wa kazi ya kuiingiza Rust katika Linux aliondoka, akieleza kwamba amechoshwa na mabishano yasiyohusu ufundi. Ilipokuwa kitu cha kuchezea, wakubwa wa C waliiacha icheze. Ilipobisha hodi kwenye nyumba yao ndipo ilipochukiwa kwa dhati, na chuki ya namna hiyo, nikiitazama kwa jicho la mzee wetu, ilikuwa na heshima zaidi kuliko zile asilimia 86.

Kijana sasa anafanya kazi kwa kampuni moja ya Ulaya bila ya kuondoka nyumbani kwake Tegeta. Mzee amestaafu. Sehemu ya kuchambua taarifa ipo bado, na usiku wa mwisho wa mwezi tunalala. Ameajiriwa binti mmoja, na sehemu hiyo nikamkabidhi yeye, na haikupita muda mrefu akaanza kunung'unika: kwamba kompaila inamchelewesha, kwamba maktaba tulizoziweka zimezeeka, kwamba aliyeandika kila aliposhindwa na sharti la kuazima alitengeneza nakala ya kitu kizima na kupita njia, na sasa nakala zimejaa kila mahali. Yote yalikuwa kweli. Alikuwa mtu wa kwanza ofisini kwetu kuichoka Rust kwa haki, kwa kuwa hakuichagua. Aliikuta, kama sisi tulivyoikuta ile C++.

Juzi alinijia na kompyuta yake mkononi. "Kaka, naomba nijaribu Zig," alisema, akiitaja lugha iliyoanzishwa na Andrew Kelley, ambayo hata toleo la 1.0 bado haijalifikia. Nilimwuliza kama anajua kwamba lugha hiyo humrudishia mwandishi kazi ya kuirejesha kumbukumbu kwa mkono wake mwenyewe.

"Najua, kaka," alijibu. "Ndiyo maana sikuja kuomba ile ya kuchambua." Akafungua kioo, akanionyesha kipande kidogo alichokwisha kukiandika kwa lugha zote mbili, na pembeni muda ambao kila kompaila ilichukua katika mashine ile ile. Nilivitazama vipimo vyake, nikamwuliza alivyovipata, nikampa sehemu ya ripoti za kufunga siku, ambayo ikianguka haimwamshi mtu.